Sinia Lililoungwa kwa Risasi

Kaango la Subira lilikufa kifo cha aibu. Halikupasukia motoni kama makaango yenye heshima zake. Lilikaliwa. Daimu, mumewe, alikuwa uani akijizoeza kurudi nyuma na ngao, vile askari wa Kingoni wanavyofanya wakitaka adui adhani wanakimbia. Akarudi nyuma vizuri kabisa, mpaka kisigino kikagonga figa la jikoni, akaketi. Tena aliketi sawasawa, kama sultani. Alipoinuka, kaango lilikuwa vigae, na kigae kimoja kilikuwa bado kimemng'ang'ania nyuma.

"Adui amekufa," Subira alisema. "Sasa watoto nitawaokea wapi, kwenye ngao?"

Daimu alikitoa kile kigae, akakitazama kama mtu aliyeonewa. "Nitakupatia jingine."

"Lini, bwana wangu, nawe kutwa unaruka kama panzi?"

Siku zile wanaume wengi karibu na boma la Songea walikuwa wakiruka hivyo, wakijizoeza vita. Waliruka nyuma ya nyumba na mashambani, popote ambapo macho ya askari wa Wadachi hayafiki. Dawa ilikuwa imeingia kutoka Ungindo. Ilikuwa maji, na waliokunywa walisema risasi ya Mdachi ikimfika mtu aliyekunywa itageuka maji vilevile, imtiririke kifuani kama mvua. Mjomba Tawete, ndugu wa mama yake Daimu, alikuwa amekunywa, na sasa alimtaka Daimu naye. Daimu hakukataa wala hakukubali. Kila mjomba alipokuja, alijibu lile lile: "Nikiona ishara, mjomba, nitakwenda."

Jibu hilo ndilo lililomnyima Subira usingizi. Dawa hakuiogopa, aliiogopa ishara. Mtu anayetafuta ishara, hata kuku akijikuna ataiona.

Subira alikuwa Myao wa Nakapanya. Mama yake alimfundisha kupika mkate wa kumimina: mchele uliolowekwa na kutwangwa, asali, togwa ya kuumulia, na tui la karanga, maana minazi haijawahi kupanda milima kuja Ungoni. Unaumimina chomboni, unafunika, unaweka makaa chini na makaa juu. Daimu alikuwa mpagazi wa misafara alipopita Nakapanya na harufu ile ikamshika shati. Alirudi akaposa, akasilimu, akapewa jina. Mjomba Tawete alisema hajapata kuona mtu mwingine aliyesilimu kwa pua.

Ila mkate huo una madai yake. Hauoki mahali popote. Unataka chombo kinachovumilia moto pande mbili, kizito cha kutosha ili chini kusiungue wakati katikati bado uji. Kisivuje, wala kisiwape watoto ladha ya udongo. Na siku ile Subira alikihitaji chombo hicho kuliko siku zote, kwa sababu alasiri mjomba alikuwa anakuja kuchukua jibu la mwisho. Subira alikwisha panga vita vyake mwenyewe. Atamlisha mjomba mpaka ashindwe kuinuka. Mdomo uliojaa mkate hauhimizi watu kwenda kufa.

Akaenda sokoni, chini ya boma.

Bibi Mwanne, mfinyanzi wa Lusewa, alikuwa ameketi nyuma ya vyungu vyake kama kuku juu ya mayai. Subira akamsalimu, "Shikamoo, bibi," akaitikiwa, akaanza kugonga makaango kwa kidole. La kwanza lililia vizuri, kama kengele ndogo. La pili lilitoa sauti nzito, fupi.

"Hilo linakohoa," bibi alisema. "Lina ufa ndani. Hilo siuzi."

"Sasa umelileta la nini kutoka Lusewa kote huko?"

"Ili hili lisikike linavyoimba."

Subira akacheka. Akalishika lile la kuimba, akalipima uzito, akaingiza mkono ndani kupapasa. Lilikuwa zuri. "Nalichukua. Naoka leo."

"Leo huoki. Leo unalichemshia uji wa pumba, linywe mpaka likinai. Usiku lilale na uji wake. Kesho ulioshe, ndipo uoke. Kaango lenye kiu litakunywea mkate, halafu litapasuka likusingizie wewe."

"Bibi, kesho ni mbali. Mgeni wangu anakuja leo."

"Basi mpe ugali."

Wakati huohuo fundi Hironimus akajitokeza, maana alikuwa na masikio ya sungura kwa mteja wa mwenziwe. Hironimus alikuwa kijana mwenye msalaba shingoni na moshi kwenye nyusi. Aliwahi kubeba mizigo ya Wadachi, akajifunza kuziba birika kwa kumchungulia fundi wao, na kuchungulia ni chuo kizuri ila huwa hukioni kitu chote. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sinia lake lilitembea mpaka chini ya pua ya Subira.

"Mama, tazama hili. Bati la Wadachi. Jiangalie uso."

Subira akajiangalia. Lilikuwa sinia la kina, limekatwa kwenye makopo makubwa ya biskuti, kitako chake kimeungwa na ukingo kwa mstari mweupe uliozunguka pande zote. Lilikuwa na mfuniko wake. Lilikuwa jepesi kama kusingizia.

"Hapa pameungwa na nini?"

"Risasi," Hironimus alisema, na kifua kikapanda. "Zile zenyewe, mama. Pale askari wanapojifunzia shabaha, nyuma pana kichuguu cha udongo. Wakiondoka mimi nachimba, nazing'oa kama viazi. Kitu kilichotoka ndani ya bunduki kikafika kizima, kitaogopa makaa yako?"

"Ukilidondosha?"

Akalidondosha. Likalia, likabaki sinia. "Lako lile la udongo lidondoshe tuone."

Bibi Mwanne alilivuta kaango lake karibu na magoti, kama mtu anayemhamisha mtoto mbali na watu wenye ukurutu.

Subira akamlipa Hironimus jogoo aliyekuja naye kwapani. Alipokuwa anaondoka na sinia linalomulika jua, bibi akamwambia, "Kesho narudi kwetu. Ukinitaka, njia ya Lusewa unaijua."

Nyumbani kila mtu alilisifu. Watoto walijiangalia meno. Daimu aliligonga kwa ukucha, akauliza limeungwa na nini, na Subira, kwa kujivuna tu, akajibu: "Risasi za askari. Hili hata ukilikalia, litakukalia wewe."

Hilo ndilo neno alilolijutia baadaye. Angesema ni utomvu wa mti.

Mjomba Tawete alifika mkate umeshaingia motoni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye masikio yaliyotobolewa tundu za kupitisha kidole, na kifuani alining'iniza kipande cha mwanzi chenye dawa. Subira akapiga goti. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mke wetu. Ninyi Wayao mnajua kupiga magoti. Ndivyo mlivyokuwa mkiwafunga watu kamba, mkiwapigia kwanza goti?"

"Ndiyo, mjomba. Tuliwauza kwa kaniki. Ila Wangoni hatukuwauza, hakuna aliyekubali kununua mwizi wa ng'ombe."

Mjomba akacheka mpaka mwanzi ukaruka kifuani. Mngoni na Myao ni watani. Mababu zao waliuana sana, wakachoka, na wajukuu wakabaki na matusi. Mtani anaweza kukuambia lolote, hata msibani kwako, na kukasirika ni mwiko. Neno la mtani ama unalicheka, ama unalitenda. Hakuna njia ya tatu.

Akaketi kwenye kigoda karibu na moto, na kabla hajapewa hata maji ya kunawa, akamgeukia Daimu. "Kesho alfajiri tunakutana kule bondeni. Wote wamekunywa. Umebaki wewe na wagonjwa."

"Mjomba, nilisema nikiona ishara..."

"Umesema. Wenzako watakuimba wewe na ishara yako mpaka wajukuu."

Subira akaona mkate unachelewa na vita vinawahi. Akaongeza makaa juu ya mfuniko. Akachochea chini. Akachukua ungo akapepea, na kila mjomba alipotaja boma, yeye alipepea zaidi, mpaka makaa yakawa meupe. Harufu ilipanda, ya asali na karanga, na Daimu alikwisha anza kumeza mate. Biasha, bintiye mdogo, alisogea akasimama karibu na mafiga.

"Tayari," Subira akasema. Akaondoa mfuniko, akakunja vitambaa mikononi, akashika ukingo wa sinia pande mbili, akainua.

Ukingo ukainuka peke yake.

Alisimama ameshika duara la bati tupu, kama mtu anayevaa shanga kubwa, na chini kitako cha sinia kimebaki juu ya makaa na mkate juu yake. Kisha mkate ukateleza, taratibu, kama mzee anayeshuka kitandani, ukalala majivuni. Pale ule mstari mweupe ulipokuwa, palikuwa pakitembea kitu. Kilizunguka kitako chote, kinang'aa kuliko fedha, kinatetema, kinakimbia. Kilikusanyika pembeni, kikadondoka juu ya figa, kikatawanyika matone madogo yaliyoviringika kama umande juu ya jani la yungiyungi.

Biasha akanyoosha mkono kuyaokota. Subira akautupa ukingo, akampiga mtoto kofi la mkono kabla kidole hakijafika. Mtoto akalia.

Mjomba Tawete alikuwa amesimama. Hakuonekana alivyoinuka.

"Daimu," akasema kwa sauti ndogo sana. "Sinia hili lilikuwa limeungwa na nini?"

Daimu alimtazama mkewe. Subira alimtazama Daimu.

"Risasi," Daimu akasema. "Risasi za askari."

"Na sasa ni nini?"

Daimu aliinamia figa, akayatazama matone. Risasi ilikuwa pale, mbele ya macho yake, jikoni kwake, imetiririka kama maji ya mvua kwenye paa. Watu walikuwa wamesafiri kutoka Ungindo kumsimulia jambo hilo akalitilia shaka, na mkewe amelipika.

Subira aliona uso wa mumewe ukibadilika, ukilainika kama wa mtu aliyeitwa jina lake kutoka mbali. Akajua amempoteza. Yeye mwenyewe, kwa jogoo wake mwenyewe. Hofu ikamjaa, na hofu ya Subira haikuwa na mlango mwingine wa kutokea isipokuwa mdomo. Akashika koleo, akakiinua kile kitako cha sinia kutoka motoni. Pembeni mwake tone moja lilikuwa limening'inia, zito, linametameta.

"Basi mjomba, kinga mkono," akasema. "Si umeyanywa wewe? Maji hayawezi kumsahau ndugu yake."

Ulikuwa utani. Mngoni mwingine yeyote angesema, "Kinga wewe, muuza watu," wakacheka, mambo yakaishia hapo. Subira alingoja kicheko hicho. Alikihitaji.

Mjomba Tawete akanyoosha mkono wa kulia, akafunua kiganja, akakiweka chini ya tone.

Alifanya hivyo kwa utulivu, anamtazama Daimu, si mkono. Subira akarudisha koleo nyuma kwa ghafla, na mshtuo huo ndio uliolidondosha tone.

Sauti yake ilikuwa ndogo, kama nyama inapogusa mafuta. Halafu harufu. Harufu ile iliingia katikati ya asali na karanga, na Subira kwa maisha yake yote yaliyobaki hakuweza kuzitenganisha tena. Mjomba hakulia. Hakukunja hata uso. Machozi yalimtoka yenyewe tu, yakashuka mpaka kidevuni, na vidole vyake vikajikunja polepole kama jani linaloungua.

"Mjomba," Subira akasema. "Mjomba, nilikuwa natania."

"Najua," mjomba akasema. "Nami nimekubali."

Daimu ndiye aliyemfungua vidole. Tone lilikuwa limeganda katikati ya kiganja. Alilibandua na ngozi ikaja nalo. Akalipangusa, akaliviringisha, akaliweka kati ya meno, akaling'ata, akalitazama. Alama za meno zilikuwepo. Akamwambia Subira alete asali iliyobaki, akampaka mjomba kiganja kizima, akamfunga kitambaa. Kuku walikuwa wanaula mkate majivuni.

"Masharti yamevunjwa," mjomba akasema mwishowe. "Imepikwa na mwanamke. Dawa haitaki mkono wa mwanamke. Lakini kugeuka, imegeuka. Umeona mwenyewe."

"Nimeona, mjomba. Ishara nimeiona."

Subira akashika nguzo ya nyumba.

"Siendi," Daimu akasema. Aliweka lile tone kwenye kigoda, likagonga mti. "Ilikuwa maji, sikatai. Ila ilikuwa maji kwa muda wa kukuunguza tu, kisha ikarudi kuwa yenyewe. Mjomba, kaa hapa na sisi."

Mjomba alilitazama tone, akamtazama mpwa wake. Kwa kitambo Subira alidhani atakaa. Kisha akachukua mkuki wake kwa mkono wa kushoto.

"Mke wetu," akasema akiwa mlangoni, "ukisikia nimekufa, njoo unitanie. Usitume mtu."

Vita vilikuja. Asubuhi moja bunduki zilisikika upande wa boma, mbali, kama bisi zinazopasuka ndani ya chungu kilichofunikwa. Subira alikuwa anachambua maharage. Alingoja zinyamaze, kama bisi zinavyonyamaza zikiisha. Hazikuisha upesi. Zilipoisha mwishowe, jirani mmoja alipita njiani anatembea kwa upole, ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, akaketi chini ya ua wao, na hakuinuka tena. Kifuani alikuwa na mwanzi kama wa mjomba. Daimu alimfunika kwa mkeka. Aliuvuta huku, akauvuta kule, haukukaa sawa.

Baadaye Wadachi walikuja kuchoma maghala. Hawakuuliza nani alikunywa na nani aliona ishara. Familia ikaondoka na kilichobebeka, na Subira akaifuata njia anayoijua, ya Lusewa. Bibi Mwanne alimkuta amesimama mlangoni na watoto mgongoni na mkononi, akamwangalia kichwani kama amebeba sinia. Hakubeba kitu. Bibi akaingia ndani, akatoka na kaango.

"Hili nililichemshia uji mwenyewe," akasema. "Nilijua wewe huna subira ya pumba."

Njaa ilikuwa imekwisha kushika nchi mtu mmoja alipotokea porini, mwembamba kama kivuli cha fimbo, mkono wa kulia umefumba. Watoto walikimbia. Subira alimtambua kwa masikio.

"Nimekuja kudai mkate," Mjomba Tawete akasema. "Ule uliliwa na kuku, mimi sikuonja."

Subira akapiga goti, akamtandikia mkeka.

Mjomba alisimulia akiwa amekaa, kwa sauti ya mtu anayehesabu mbegu. Mkono ulikataa kukunjuka, mkuki ulikuwa ukimdondoka, wenzake wakamcheka wakampeleka nyuma abebe vibuyu vya dawa. "Kwa hiyo niliona migongo tu," akasema. "Walisimama wima, Daimu. Hakuna aliyeinama. Nani anainamia maji?" Akautazama mkono wake uliofumba. "Mimi niliinama. Nilikuwa nakijua kiganja changu. Niliinama na vibuyu vyote, sikumwambia mtu."

Daimu alianza kuuliza majina, fulani, na fulani, na wale wa kule bondeni. Kwa kila jina mjomba alitikisa kichwa. Ikafika mahali Daimu akaacha kuuliza.

Mchele haukuwepo. Subira alisaga ming'oko, mizizi ya porini, akaitia maji na chembe ya asali, akaimimina katika kaango. Makaa chini, makaa juu, polepole, bila kupepea. Ulipoiva, mjomba akaomba kaango kwanza. Aliligonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio.

"Limeungwa na nini?"

"Udongo tu, mjomba."

Akatikisa kichwa kukubali. Akajaribu kufungua mkono wa kulia, vidole vikafika nusu, vikagoma, na katikati ya kiganja Subira akaona kovu la mviringo, laini, linang'aa. Basi akamega mkate kwa mkono wa kushoto, akala.

Mngoni anayekula kwa mkono wa kushoto mbele ya mtani wake Myao. Watani wengine wangeimba kwa wiki nzima. Daimu alimtazama mkewe, akingoja. Hata mjomba mwenyewe aliacha kutafuna, akamtazama, akingoja.

Subira akashika kipande chake kwa mkono wa kushoto, naye akala.